Shilingi ya Shemeji

Mama Ndeshi tulimzika mwezi wa tatu mwaka jana, na tulipotoka makaburini watu wote wakarudi kwenye ukumbi wa kanisa huko Woodbury, Minnesota, wakavua makoti, wakapanga foleni ya chakula. Nilipoombwa niseme neno kwa niaba ya marafiki, nilisema marehemu alikuwa mfamasia wa hospitali, mama wa watoto wawili, na Spika wa Bunge. Watu wa rika langu walicheka, kisha baadhi yao wakaanza kulia. Vijana walitazamana. Nilipokaa, binti wa rafiki yangu Kwamboka, ambaye anaelewa kila neno la Kiswahili lakini hujibu kwa Kiingereza, aliniinamia akauliza ni Bunge la wapi. Nikamwambia la Saint Louis Park. Akauliza kama lilikuwa Bunge la kweli. Mama yake akaweka uma chini. "Lilikuwa la kweli kushinda hayo mengine," Kwamboka akasema. "Mwambie, Hawa. Mwambie vile ulishika shilingi ya shemeji yako." Nilimwambia kidogo, kwa sababu chai ilikuwa inapoa na watu walikuwa wanakuja kutupa pole. Hapa nitasema yote.

Mwaka wa Bunge hilo nilikuwa nimeingia miaka ishirini na kitu, na nilikuwa naishi kwa Dada Mwajuma, mtoto wa mama yangu mkubwa, na mumewe Rajabu, katika jengo la matofali huko Saint Louis Park, lenye joto la kupita kiasi wakati wa baridi. Shemeji Rajabu alikuwa mhandisi wa barabara. Alikuwa mtu wa tai, wa sauti nzito, na wa mlango wazi: sidhani kuna mwanafunzi wa Kitanzania aliyefika mji ule miaka ile ambaye hakulala kwenye kochi lake la kahawia walau wiki moja. Mimi nililala kwenye kochi hilo mpaka wakanipa chumba cha mashine ya kushonea. Kila asubuhi alinishusha kituo cha basi la kwenda Saint Paul, ng'ambo ya mto, ambako nilikuwa nasoma uchumi. Na karibu kila asubuhi aliniambia niache. "Uuguzi, shemeji," alikuwa akisema huku akikwangua barafu kwenye kioo cha gari. "Uuguzi hauna njaa. Nani atamwajiri mgeni ampangie bajeti?" Na kweli, darasani nilikuwa nimenyamaza tangu muhula wa kwanza, siku niliyotamka neno vibaya na wenzangu wakageuka kunitazama. Hawakucheka. Walinitazama tu, na hiyo ilitosha kunifunga mdomo.

Bunge lenyewe lilizaliwa jikoni. Kila Jumamosi watu walikuja kwa Rajabu kula pilau. Wanaume walikaa sebuleni wakibishana siasa za nyumbani, wote kwa pamoja, na wanawake tulikaa jikoni tukibishana mambo hayohayo kwa utaratibu zaidi, tukimenya vitunguu. Jumamosi moja kelele za sebuleni zilimzidi Mama Ndeshi. Alitoka na mwiko mkononi, akagonga nao fremu ya mlango, akasema, "Mmoja mmoja. Na anayesema asimame." Wakatii. Wiki iliyofuata akaja na kanuni alizoziandika mwenyewe, na tukahamia kwenye chumba cha pamoja cha wapangaji, chini ya jengo, ambako kulikuwa na meza ya pingpong. Tulitoa neti. Serikali ilikaa upande mmoja wa meza, Upinzani upande wa pili, na Spika akakaa kichwani kwenye kiti cha ofisi chenye magurudumu, ambacho kiliteleza nyuma kila alipogonga mwiko. Kila mtu aliwakilisha mahali anapopanga. Kulikuwa na Mheshimiwa Mbunge wa Woodbury na Mheshimiwa Mbunge wa Inver Grove Heights. Jengo letu lilikuwa na watu wengi, kwa hiyo liligawanywa majimbo mawili. Mimi nilikuwa Mbunge wa Saint Louis Park Juu. Kwamboka, Mkenya aliyekuwa akihudumia wazee kwenye nyumba ya kuwatunzia huku akisomea uuguzi, alikuwa Mbunge wa Saint Louis Park Chini. Mtu mmoja alipendekeza wanawake tupewe viti maalumu kwa kuwa ndio tunaopika. Mama Ndeshi alimtazama juu ya miwani yake. "Hapa hakuna viti maalumu," akasema. "Viti vyote ni vya plastiki."

Nchi yetu ilikuwa ya kubuni, haikuwa na jina. Tuliiita Jamhuri. Lakini matatizo yake tuliyafahamu, kwa sababu kila mmoja aliyaleta kwenye sanduku lake. Lugha ya Bunge ilikuwa Kiswahili, na anayechanganya Kiingereza alikatizwa, jambo lililomtesa Kwamboka. "Mheshimiwa Spika, niko na point of order," aliwahi kusema, na alipoamriwa afute maneno hayo akajibu, "Si-withdraw." Mama Ndeshi alimtoa nje kwa kikao kizima, naye akaenda akala nyama peke yake juu, akarudi akiwa na furaha kuliko sisi sote. Nikitazama nyuma naona kwamba wote tulikuwa tumechoka. Mchana tulikuwa watu wa kuulizwa tumetoka wapi na kuambiwa turudie tulichosema. Jumamosi tulikuwa waheshimiwa, na mtu akisimama, alisikilizwa mpaka mwisho.

Msimu wa bajeti ulipofika, Rajabu aliteuliwa Waziri wa Mazingira. Upinzani, kwa kukosa watu, walinipa mimi uwaziri kivuli wa wizara hiyohiyo. Niliona ni msiba. Nyumba ilikuwa ndogo na kuta zake nyembamba. Nilimsikia akifanya mazoezi ya hotuba bafuni, feni ikivuma, sauti yake ikipanda na kushuka: Jamhuri ya kijani, siku kuu ya kitaifa ya upandaji miti, kila mwananchi na mche wake. Alikuwa mzuri, siwezi kusema vingine. Halafu jioni moja nikiwa chumbani nikamsikia akimwambia Dada Mwajuma jikoni, "Upinzani wamempa Hawa mazingira. Tutamaliza mapema, tuwahi mpira."

"Usimdharau," Dada akasema.

"Simdharau. Lakini yule hata simu ya kuagiza piza ananipa mimi niongee."

Ilikuwa kweli. Ndiyo maana niliketi juu ya kitanda muda mrefu nikiwa nimeshika kitabu bila kusoma.

Kwa mujibu wa kanuni, Waziri aligawa hotuba yake mapema, nami nikashuka nayo kwenye chumba cha kufulia nguo, mahali pekee jengo zima ambapo Rajabu hakuwahi kufika. Kwamboka alinikuta pale akileta sare zake za kazi. Nikamwonyesha. Kulikuwa na fedha za miche. Kulikuwa na fedha za mahema ya wageni, fulana, muziki, na mafuta ya magari ya viongozi. Nilitafuta fedha za kumwagilia hiyo miche ikishapandwa, nikafikiri nimeruka ukurasa. Hazikuwepo. Nikamweleza Kwamboka, bila kufikiri sana, jinsi shuleni kwetu kila mwaka siku ya miti tulivyopelekwa uwanjani na majembe, na jinsi darasa letu lilivyochimba kwenye shimo lilelile la mwaka uliopita, kwa sababu mche ulikuwa umekauka na ardhi ya pale ilikuwa laini tayari. Darasa la tatu, la nne, la tano, shimo lilelile. Mwalimu alikuwa anatusifu kwa kuchimba haraka.

Kwamboka aliacha kupakia nguo. "Si hiyo ndiyo useme?"

"Hiyo ni hadithi ya shule. Si hoja ya bajeti."

"Wewe sema vile shimo ilikuwa. Figures watu watasahau." Akasukuma nguo zake ndani ya mashine ya kukaushia, akaiwasha, ikaanza kunguruma. Akaenda kusimama mwisho wa chumba. "Sasa sema. Nikikusikia hapa, utasikika mahali popote."

Nilisema. Akatikisa kichwa, hajasikia. Nikarudia. Tulifanya hivyo karibu kila siku wiki ile, mimi nikipaza sauti juu ya ngurumo, wapangaji wengine wakiingia na vikapu vyao na kutuona tumechanganyikiwa.

Asubuhi ya kikao, Rajabu alinichukua kwenda kununua nyama ya mbuzi kwenye duka la Wasomali. Alikuwa amechangamka, akachagua paja zuri, akaninunulia na halua niliyokuwa naitazama bila kuomba. Nilirudi nikiwa nimekata tamaa kabisa. Jikoni Dada Mwajuma alikuwa anakaanga vitunguu vya pilau, na bila kugeuka akaniuliza naogopa nini.

"Nakula kwake, Dada. Nitasimamaje mbele za watu nimpinge?"

"Kwake?" akasema, akaendelea kukoroga. "Kwani mimi ni mpangaji humu?"

Alinipa kijiko nionje chumvi.

Nimeingia vyumba vingi vya mijadala tangu siku ile, lakini kile cha chini ya jengo nakikumbuka kwa harufu: bizari ya pilau, makoti yenye unyevu, na sabuni ya kufulia kutoka chumba cha pili. Rajabu alisoma hotuba yake akiwa amevaa tai nyekundu, na hata Upinzani tulipiga meza kwa jinsi alivyoisoma. Bunge likageuka kuwa Kamati ya Matumizi, na Spika, kama desturi ilivyo, akawa anaitwa Mwenyekiti. Akataja vifungu kimoja baada ya kingine mpaka kwenye mshahara wa Waziri. Hapo ndipo mbunge asiyeridhika hutoa hoja ya kupunguza mshahara huo kwa shilingi moja tu. Shilingi haina thamani. Ila ikishikwa, bajeti haisogei mpaka Waziri ajieleze, na wenyewe husema mbunge ameshika shilingi.

Nilisimama. "Mheshimiwa Mwenyekiti," nikasema, kwa sauti ya chumba cha kufulia, na watu wakashtuka kwa ukubwa wake. "Nashika shilingi ya Mheshimiwa Waziri. Naomba atuambie miche hii atakayoipanda, nani ataimwagilia."

Rajabu alisimama akitabasamu, akafunga kifungo cha koti. "Mheshimiwa Mwenyekiti, namshangaa Mheshimiwa Mbunge wa Saint Louis Park Juu. Maji anayooga kila asubuhi nayalipia mimi. Leo anataka nilipie na ya miti?"

Chumba kizima kilicheka. Na mimi ningecheka kama lingekuwa la mtu mwingine, maana lilikuwa neno lililokaa vizuri. Nilimwona Dada Mwajuma mlangoni na sinia la kachumbari, hacheki. Kisha mwiko ukagonga, kiti kikateleza nyuma, na Mama Ndeshi akajivuta tena mezani.

"Mheshimiwa Waziri, futa kauli yako."

"Nilikuwa natania, Mheshimiwa Mwenyekiti. Ni shemeji yangu."

"Kanuni hazijui utani wa shemeji. Mbunge akisimama hapa hali kwa mtu. Futa."

"Naifuta," Rajabu akasema, akakaa.

Basi nikasimulia shimo. Nilisema jinsi lilivyokuwa, upana wake, udongo wake mwekundu, na jinsi tulivyoimba tukilifukia, na jinsi mgeni rasmi alivyomwagilia mche kwa kopo moja mbele ya watu na kuondoka, na kopo likarudishwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Nilisema Jamhuri haikosi miti kwa sababu haijapanda. Imepanda kila mwaka, kwenye mashimo yaleyale. Sikuangalia karatasi. Nilipomaliza, hakuna aliyepiga meza. Mbunge wa Woodbury alisema polepole, kama mtu anayejisemea, "Hata kwetu."

Rajabu alisimama tena, safari hii bila tabasamu. Akasema Serikali imesikia na italifanyia kazi.

"Kwa kifungu kipi?" nikauliza.

"Fedha zitatafutwa."

"Kutoka wapi, Mheshimiwa Mwenyekiti? Naomba ataje anachopunguza. Asipotaja, shilingi sirudishi."

Kanuni ilisema anayeunga mkono asimame. Kwamboka alisimama kabla sijamaliza sentensi. Akasimama Woodbury. Wakasimama wote wa upande wetu, halafu, jambo ambalo halikuwahi kutokea, Mheshimiwa wa Inver Grove Heights akasimama kutoka upande wa Serikali, akatazama chini kuepuka macho ya Waziri wake. Rajabu akaomba muda. Alivua miwani, akachukua kalamu, akainama juu ya hotuba yake ileile aliyoipenda, na tukamwona akifuta mstari, akisita, akifuta mwingine. Nimefanya kazi na wakubwa wengi tangu hapo, na ni wachache niliowaona wakifanya hivyo mbele ya macho ya watu. Kisha akasimama. "Mheshimiwa Mwenyekiti, natoa mahema. Natoa fulana. Natoa na muziki. Fedha hizo ziende kwenye maji na watunzaji wa miche mpaka miti ishike mizizi. Namwomba Mheshimiwa Mbunge anirudishie shilingi yangu."

"Nairudisha," nikasema, na hapo ndipo meza ilipopigwa, pande zote mbili, mpaka mguu mmoja wa ile meza ya pingpong ukajikunja na pilau la Mbunge fulani likaenda chini.

Jioni hiyo Rajabu aliosha masufuria yote peke yake. Jumapili nzima nilitembea ndani ya nyumba kama mtu aliyevunja sahani. Jumatatu hakunishusha kituoni. Alipita kituo, akaingia barabara kuu, akaendelea kuelekea Saint Paul, na nilipomkumbusha akasema anajua njia. Tulipofika juu ya daraja, mto ukiwa umeganda kingoni na kutiririka katikati, ndipo akasema, "Lile swali la kifungu. Nani alikufundisha?"

"Wewe," nikamwambia. "Jinsi unavyogombana na wakandarasi kwenye simu. Wakikuahidi kitu unawauliza fedha zinatoka wapi. Kuta za kwetu nyembamba, shemeji."

Alicheka mpaka akapunguza mwendo. Alipotulia akasema, "Basi habari ya uuguzi tuiache." Na hakuirudia tena. Wiki ile darasani niliinua mkono. Nilitamka neno vibaya, wakanitazama, nikaendelea.

Ilipofika majira ya kuchipua, jimbo letu la Minnesota lilikuwa limepungukiwa fedha, na mwalimu wangu akatutangazia kwamba kamati moja ya Bunge la Jimbo, pale Saint Paul, itasikiliza maoni ya wananchi juu ya fedha zinazopendekezwa kukatwa. Miongoni mwake zilikuwa za kutunza miti michanga ya barabarani na kando ya maziwa. Nilijiandikisha kusema. Nyumbani nilitaja kwa kupita tu, wakati wa chai. Siku yenyewe nilipoingia kwenye kile chumba chenye dari ya juu na mbao zinazong'aa, niliwakuta Dada Mwajuma na Rajabu wameshakaa safu ya nyuma, yeye na tai nyekundu, Dada na kitenge chake cha sherehe chini ya koti la baridi. Rajabu alikuwa ameomba ruhusa kazini.

Jina langu lilipoitwa nilikwenda mbele, nikashika kipaza sauti, na kinywa changu chenyewe kikasema, "Mheshimiwa Mwenyekiti." Kwa Kiswahili. Chumba kikasubiri. Mwenyekiti, mama mwenye mvi na miwani ya mnyororo, akaniambia taratibu kwamba ananisikiliza, niendelee. Nikaendelea kwa Kiingereza changu. Nikauliza miche iliyopandwa mwaka jana, ikifika kiangazi chake cha tatu nani ataimwagilia, na kama hakuna, basi fedha za kuipanda zilikuwa za nini. Mjumbe mmoja akataka kujua nimejifunzia wapi kuhoji bajeti. Nikamwambia nimekuwa mbunge. Akauliza wa wapi. "Saint Louis Park," nikasema. "Ghorofa za juu." Nyuma yangu nilimsikia Dada Mwajuma akikohoa kuficha kicheko.

Fedha zile zilikatwa, lakini nusu tu, na sisemi ni kwa sababu yangu. Walisema wengi siku ile. Ninachojua ni kwamba nilitoka mle ndani nikijua nitafanya kazi gani maishani, na ndiyo niifanyayo mpaka leo, bajeti za maji, mitaa michache tu kutoka jengo lile la Bunge la Jimbo. Mama Ndeshi alipoambiwa alisema tu, "Vizuri. Jumamosi usichelewe."

Siku ile tulipotoka kwenye kamati, korido ilikuwa imejaa watu. Rajabu alinishika bega, akamgeukia askari wa mlangoni, mtu asiyemjua kabisa, akamwambia, "Huyu ni shemeji yangu. Amezungumza mle ndani." Askari akanipongeza. Tukashuka kula supu kwenye mgahawa wa chini, akamwambia mama wa kaunta. Akamwambia mzee tuliyekaa naye meza moja, akamweleza na habari ya miche. Akamwambia kijana aliyekuwa anakusanya sinia. Mimi nilikuwa natazama bakuli langu, nimeinamisha uso kwa haya, na moyo umejaa.

"Rajabu," Dada Mwajuma akasema, "inatosha sasa."

"Haijatosha," akasema, akifunga kifungo cha koti na kuchukua funguo za gari. "Bado yule wa maegesho."